Nyumba za Matofali za Ufuo wa Mweru

Katika nchi ya Zambia jengo lililosimamishwa kabla ya tarehe 1 Januari 1924 lina hifadhi ya sheria, ijapokuwa hakuna waziri aliyelitangaza wala kibao kilichopigiliwa ukutani mwake; na jengo lililosimamishwa baada ya siku hiyo halina hifadhi hiyo mpaka litangazwe kwa jina lake kuwa ukumbusho wa taifa. Ndivyo inavyosema Sheria ya Uhifadhi wa Urithi wa Taifa ya 1989, na mwaka uliotajwa humo una uzito wake katika historia ya nchi, kwani 1924 ndio mwaka ambao kampuni ya Cecil Rhodes iliondoka katika utawala wa Rhodesia ya Kaskazini na serikali ya kifalme ya Uingereza ikaushika yenyewe. Sheria haina budi kuweka mpaka mahali fulani, nasi hatuwezi kuilaumu kwa kuuweka. Lakini katika ufuo wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi mpaka bonde la Luapula lililo kusini, mpaka huo umepita mahali pa hasara, maana umeingiza ndani masalio ya maboma ya watawala, na umeyaacha nje majengo ambayo kwayo wenyeji wa nchi hiyo walitia fedha yao, nguvu za mikono yao na azima yao ya kukaa. Majengo hayo ni nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa baina ya vita kuu viwili vya dunia, na makusudi ya insha hii ni kueleza zilikotoka, namna zilivyojengwa, na sababu ya kustahili kuandikwa katika daftari la urithi.

Ziwa Mweru limelala baina ya Zambia na Kongo, urefu wake ukipata kilomita 130, nalo hupokea maji ya mto Luapula upande wa kusini na kuyatoa upande wa kaskazini, penye Pweto, kwa mto Luvua. Nchelenge na Kashikishi, miji miwili iliyokaribiana hata mgeni hawezi kutambua mmoja umekwisha wapi na wa pili umeanza wapi, ipo katika ufuo wa mashariki, ikielekeana na Kisiwa cha Kilwa. Upande huu lugha ya nyumbani na sokoni ni Kibemba. Ng'ambo ya pili, katika Pweto, Kilwa ya Kongo na Kasenga, Kiswahili ndicho kinachouza na kununua, na mvuvi wa Mweru aghalabu ana lugha zote mbili, maana samaki hawakupata kuutambua mpaka uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1894.

Kabla ya mpaka huo, na kabla ya bendera zote mbili, nchi ya kusini mwa ziwa ilikuwa milki ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda waliotoka magharibi na kuimarisha enzi yao katika bonde la Luapula tangu karne ya 18. Wasafiri wa Kireno waliofika huko, Lacerda mwaka 1798 na Gamitto mwaka 1831, na David Livingstone aliyeliona ziwa mwezi wa Novemba 1867, wote waliukuta mji mkuu wenye ua wa mfalme, malango yenye ulinzi na mashamba mapana ya muhogo. Lakini mji huo haukukusudiwa kudumu. Desturi ya enzi ilikuwa kwamba Mwata mpya hujenga mji wake mwenyewe mahali papya, na ule wa marehemu huachwa ukarudi kuwa majani na vichuguu. Kwa hiyo jiji zima, pamoja na fahari yake na hofu yake, lilikuwa na umri wa mtu mmoja. Nyumba za raia nazo zilikuwa za miti iliyosimikwa ardhini, ikakandikwa kwa udongo na kuezekwa kwa nyasi, na mchwa walikuwa na haki yao katika kila mti. Hakuna aliyeona aibu katika jambo hilo, kwa maana kilichodumu hakikuwa ukuta, bali ukoo, jina, kaburi la mfalme na mazungumzo ya wazee.

Katika zama hizohizo misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kufika. Livingstone alimkuta katika mji wa Kazembe mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa huko miaka mingi, na mwaka huohuo wa 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alimshinda Nsama, mtemi mwenye nguvu wa Watabwa walio mashariki na kaskazini mwa ziwa, kisa alichokuja kukisimulia mwenyewe katika maisha yake yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Biashara ya pembe na ya watumwa ilileta bunduki, na bunduki ilileta aina nyingine ya ujenzi: kijiji kilichozungukwa na boma la magogo, watu wamesongamana ndani, na mlango mwembamba wa kupitisha mtu mmoja mmoja. Katika miaka hiyo ujenzi uliosifiwa ulikuwa ule uliozuia kuingia, na aliyejenga nyumba peke yake kando ya njia alikuwa amejitoa mhanga.

Miaka ya 1890 ilileta watawala wapya. Waingereza waliweka kituo karibu na mlango wa mto Kalungwishi, unaoingia ziwani kaskazini mwa Nchelenge. Ng'ambo ya magharibi Dan Crawford, mmisionari wa Kiskoti ambaye wenyeji walimwita Konga Vantu, yaani mkusanya watu, alianzisha makazi ya Luanza juu ya gema linalolitazama ziwa, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1926. Mwezi wa Oktoba 1899 majeshi ya Waingereza yaliingia Mwansabombwe, mji wa Kazembe, yakauteketeza kwa moto. Mwata akavuka Luapula, akakimbilia kwa wamisionari waliokuwa kwenye maporomoko ya Mambilima, na mwaka uliofuata bibi mmoja wa misheni hiyo alimrudisha na kumtangulia mbele ya wakubwa wa serikali ili asidhuriwe. Tangu kurudi huko Mwansabombwe umebaki mahali pake, na desturi ya kuhama kwa kila mfalme imekoma. Kisha ikaja kodi ya nyumba, shilingi 3 kwa kila kibanda, na kwa mara ya kwanza makao ya mtu, ambayo zamani hayakuhesabiwa na mtu isipokuwa jirani zake, yakaandikwa katika kitabu cha karani.

Mwaka 1900, katika mwisho wa misukosuko hiyo, Jumuiya ya Misheni ya London ilianzisha kituo cha Mbereshi, safari fupi kutoka Mwansabombwe. Jumuiya hiyo ilikuwa na watu wanaojua kuinua ukuta: kwenye Ziwa Tanganyika, katika kijiji cha Niamkolo karibu na Mpulungu, walikuwa wamekwisha kujenga kanisa la mawe katika miaka ya 1895 na 1896, lenye mnara unaoonekana kutoka majini, nalo leo ni ukumbusho wa taifa. Lakini kanisa la Niamkolo liliachwa mwaka 1908, na sababu ya kuachwa kwake ndiyo sababu iliyoizuia pia nchi ya Mweru isijengwe kwa muda wa miaka kama kumi na mitano: malale.

Ugonjwa wa malale ulipotambulika kando ya maziwa na mito, serikali ya kampuni iliamuru watu waondolewe mahali penye mbung'o. Baina ya 1907 na 1910 vijiji vya ufuo wa Mweru na vya ukingo wa Luapula vilihamishwa vikapelekwa bara, watu wakakatazwa kuvua na kuvuka, mitumbwi ikazuiliwa, na utawala wenyewe ukakiacha kituo cha Kalungwishi ukapanda nyanda za juu za Kawambwa. Tusilipite jambo hili kwa haraka, maana ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Mtu wa ziwa aliyepelekwa mbali na maji alikuwa ameondolewa katika chakula chake, katika biashara yake na katika makaburi ya wazee wake kwa pamoja. Na nyumba aliyoijenga huko bara, hata ingekuwa nzuri namna gani, aliijenga akijua kwamba si kwake, na kwamba aliyemhamisha mara moja anaweza kumhamisha mara ya pili. Juu ya dhiki hiyo vikaja vita vya 1914, vilivyowachukua maelfu ya vijana wa nchi hiyo wakabebe mizigo ya askari, wale walioitwa tenga-tenga, kwa njia ndefu za kuelekea mpaka wa Kijerumani. Vita hivyo vilimalizikia katika nchi hiyohiyo: Jenerali von Lettow-Vorbeck alipata habari ya kusimamishwa kwa mapigano tarehe 14 Novemba 1918 akiwa kwenye mto Chambeshi, akaweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 ya mwezi huo.

Vizuizi vya malale vilipoondolewa, mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walirudi. Walirudi katika nchi ambayo majani yalikuwa yamekula vijiji vya zamani, wakajipanga upya kando ya njia inayofuata bonde na ufuo, kijiji kikigusana na kijiji, kama wanavyokaa hadi leo mtu atokapo Mwense kwenda Nchelenge. Mambo mawili yaliwawezesha kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko ndugu zao wa nyanda za juu, ambao walikuwa wakikata miti, wakachoma matawi, wakalima majivu na kisha kuhama: muhogo, ambao hukubali udongo uliochoka na humngoja mwenyewe ardhini, na samaki, ambao hawahitaji shamba. Penye chakula kisichohama, watu nao hawana haja ya kuhama, na asiyehama hupata siku moja haja ya ukuta.

Tofali la kuchoma halikuvumbuliwa Mweru; wamisionari ndio walioleta ustadi wake, wakawafundisha vijana katika Mbereshi na vituo vingine. Lakini udongo ulikuwa tayari, na ulikuwa umetayarishwa na yuleyule aliyekuwa adui wa nyumba za miti. Vichuguu vya nchi hiyo, vingine vikubwa kupita nyumba yenyewe, vimejengwa na mchwa kwa udongo mwembamba walioutoa chini sana, mzito na wenye kushikamana, na fundi wa matofali hana haja ya kutafuta mwingine. Kazi hufanywa kiangazi, mvua zikiisha kukatika. Kichuguu huchimbwa upande mmoja, udongo ukatiwa maji na kukanyagwa kwa miguu mpaka usiwe na donge, ukafunikwa ulale. Asubuhi fundi huchovya kalibu yake ya mbao katika maji, akaitupia udongo kwa nguvu ili ufike pembeni, akakata ziada kwa ubao, akafyatua. Matofali mabichi hupangwa chini ya nyasi yasipasuliwe na jua la ghafula, yakageuzwa upande baada ya siku chache, na yakikauka hujengwa tanuru: kilima cha matofali yenyewe, chenye midomo chini ya kutilia magogo, nacho hukandikwa udongo nje pande zote. Moto hukeshewa. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, kwa sababu maji yaliyobaki yanatoka. Ukisha kuwa mwembamba, fundi anajua kwamba sasa tofali lenyewe linaungua, huziba midomo na kuliacha tanuru lipoe kwa siku nyingi bila kuliharakisha.

Tanuru likibomolewa hutoa daraja tatu za matofali, na fundi mwema hupanga nyumba yake kwa kufuata daraja hizo. Yaliyokuwa karibu na moto huwa meusi, magumu, mengine yamejipinda, nayo hushuka katika msingi, ambako hakuna jicho la kuyalaumu na unyevu hauyawezi; ya katikati, mekundu na yenye sauti yakigongwa, huenda katika kuta za nje; na yale ya ukingoni, ya rangi ya chungwa na laini kwa kucha, hugawanya vyumba vya ndani. Ukisimama karibu na ukuta wa namna hiyo utaona mambo ambayo kiwanda hakiyatoi: alama ya vidole pale fundi alipolibeba tofali bichi, mstari wa jani lililolikandamiza likikauka, na mara nyingine tundu jembamba lenye kuta laini, ambalo ni njia ya mchwa iliyokatwa pamoja na udongo na kuokwa nao. Katikati ya matofali hakuna saruji, bali udongo uleule wa kichuguu uliotumika kuwa mlahaka. Kwa hiyo uhai wa nyumba unategemea paa. Maadamu nyasi zinatoka mbele ya kuta kwa dhiraa moja au zaidi na mvua haiugusi ukuta, nyumba hukaa. Paa likiachwa misimu miwili, udongo huyeyuka katika viungo vyake na ukuta huanguka ungali na matofali mazima.

Mbereshi ndipo ustadi huu ulipokua ukawa ujenzi wenye fikira. Mwaka 1915 alifika huko Mabel Shaw, mwalimu wa Kiingereza, akaanzisha shule ya bweni ya wasichana, ya kwanza katika Rhodesia ya Kaskazini, akaiongoza mpaka mwaka 1940. Habari zake alizitoa katika kitabu chake cha 1932. Shule ya bweni ya zama zile, popote duniani, ilikuwa na jengo refu lenye safu za vitanda na mlinzi mlangoni. Mabel Shaw hakutaka hivyo. Wasichana walikaa katika nyumba ndogo, kila nyumba ikiwa na jamaa yake ya wakubwa na wadogo, na msichana mkubwa akishika nafasi ya mama, akiwatunza wadogo na kuwafunza kazi za kila siku. Mpango wa shule kwa hiyo ulikuwa mpango wa kijiji. Inapasa kusema kwa insafu kwamba nia yake ilikuwa kuwafanya wasichana hao wake wa nyumba za Kikristo, na kwamba ndoa zao zilisimamiwa na misheni kwa mkono mzito. Hayo wanahistoria wameyachungua, nao wana haki ya kuyachungua. Lakini mtu atakayezitazama nyumba zile kwa jicho la mjenzi ataona kwamba ndani yake mna hoja ambayo shule nyingi za baadaye ziliisahau: ya kuwa mtoto aliyetoka katika ukoo hawezi kulelewa vizuri katika ghala.

Tena Mbereshi ilikuwa mfano uliotazamwa na watu wengi. Wavulana waliofunzwa uashi na useremala huko hawakukaa huko. Walitoka wakaenda na timazi na mwiko wao katika vijiji vya bonde na ufuo, na palipokuwa na mwalimu, karani, mhubiri au mwenye duka aliyetaka nyumba yenye pembe nne na dirisha lenye ubao, waliitwa. Ndipo ilipobaki haja ya fedha, nayo ikapatikana mahali pawili: katika maji na katika shimo.

Fedha ya maji ilikuwa samaki. Elisabethville, mji wa shaba ambao sasa unaitwa Lubumbashi, uliasisiwa mwaka 1910, reli ikaufikia mwaka huohuo, na kampuni ya Union Minière ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi waliopasa kulishwa. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijiweka Kasenga, ukingoni mwa Luapula, wakanunua samaki kwa wavuvi wa mto na wa ziwa, wakawapeleka mjini kwa magari pamoja na barafu. Aliyetakiwa kuliko wote alikuwa mpumbu, ambaye kila mwaka, mvua zinapoanza, alikuwa akipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na mvuvi mwenye nyavu nzuri angeweza kwa majuma machache kupata fedha ambayo mtu wa mshahara aliipata kwa miezi. Fedha ya shimo nayo ilikuwa mshahara wa migodi, kwanza ya Katanga, kisha, katika mwisho wa miaka ya 1920, ile ya upande wa Kiingereza: Roan Antelope, Nkana na Mufulira.

Hapo pana jambo ambalo nalishika kuwa kiini cha habari hii. Mfanyakazi wa mgodi alikaa katika nyumba ya mgodi. Nyumba hiyo ilikuwa fungu la mkataba wake. Kazi ikiisha, nyumba imekwisha, na mtu hutoka na sanduku lake na watoto wake. Shaba ilipoanguka bei duniani, mwaka 1931, mgodi wa Bwana Mkubwa ulifungwa, Mufulira ukasimamisha kazi mpaka 1933, Union Minière ikapunguza watu wake, na wanaume wa Luapula na Mweru wakarudi nyumbani kwa wingi. Walikuwa watu waliohamishwa mara mbili katika umri mmoja: utotoni kwa amri ya malale, na ukubwani kwa amri ya bei ya shaba iliyokatwa katika miji wasiyoijua. Mtu wa namna hiyo anapochukua akiba yake, badala ya kuila, akaiweka katika tanuru la matofali kwenye ardhi ya ukoo wake, amefanya jambo lililo zaidi ya kutafuta kivuli. Ametangaza kwamba kuna mahali pamoja duniani ambapo hakuna mkubwa atakayemwambia aondoke kesho.

Nyumba zenyewe hazikuwa kubwa. Vyumba viwili au vitatu vilivyopangwa kwa safu, mlango mmoja wa mbele, madirisha madogo, paa la nyasi juu ya kenchi za miti, na mbele yake baraza iliyoinuliwa kidogo, penye kiti cha mwenyewe na mkeka wa wageni. Jiko lilijengwa mbali, kwa kuogopa cheche katika nyasi. Msomaji wa pwani hataona ugeni katika baraza hiyo, na njia za misafara zilizopita nchi hiyo kabla ya tofali hazikosi fungu lao katika habari za nyumba ya pembe nne katika nchi za maziwa. Lakini nyumba ya Mweru haikuwa nyumba ya pwani, wala ya misheni, wala ya mgodi. Ilitwaa kwa misheni ukuta, kwa mgodi fedha, kwa wazee nyasi na udongo, ikaviweka vyote chini ya amri ya mwenye nyumba, ambaye aliujenga mlango wake utazame njia, kwa sababu vita vya watumwa vilikuwa vimekwisha na mpita njia alikuwa mnunuzi, si mwizi wa watu.

Sasa tuirudie sheria. Maboma ya kampuni, kama lile la Kalungwishi, kila kilichosalia chake kina hifadhi, kwa kuwa ni cha kabla ya 1924. Kanisa la Niamkolo limetangazwa, na linastahili. Lakini nyumba ya mvuvi aliyerudi ufuoni baada ya malale, na nyumba nyingi za Mbereshi zilizojengwa katika miaka ya 1920 na 1930, zipo upande wa pili wa tarehe, ambako hifadhi huja tu ikiwa kuna aliyeziomba. Nchi nyingine zimeyatazama majengo ya miaka hiyo kwa haraka zaidi. Katika London jengo la makazi la Lawn Road, lililosanifiwa na Wells Coates kwa zege lenye nondo na kufunguliwa mwezi wa Julai 1934, liliandikwa katika daftari la urithi mwaka 1974, likiwa na umri wa miaka 40 tu, na mwaka 1999 likapandishwa daraja ya juu kabisa. Waingereza waliona kwamba jengo hilo, lenye vyumba vidogo kwa watu wasiohitaji fahari, lilionyesha fikira mpya juu ya namna binadamu anavyoweza kuishi. Nasi twauliza kwa haki: je, nyumba ya matofali ya Mweru ya miaka hiyohiyo haikuonyesha fikira mpya juu ya jambo hilohilo? Lawn Road inatufundisha pia kwamba kuandikwa peke yake hakutoshi, maana hata baada ya kuandikwa jengo hilo lilichakaa vibaya, likasubiri mpaka 2004 ndipo lilipomalizika kutengenezwa; daftari humzuia mwenye nyundo, lakini halizibi paa linalovuja.

Hatari za nyumba hizi zinajulikana kwa kila fundi wa Nchelenge. Bati limechukua mahali pa nyasi, nalo ni jema kwa mvua, lakini aghalabu huwekwa bila kutokeza mbele ya ukuta, na maji yanayotiririka hula viungo vya udongo chini. Wengine hupaka saruji juu ya tofali la kichuguu kwa nia ya kulihifadhi. Saruji hufungia unyevu ndani, na baada ya miaka michache hubanduka pamoja na uso wa tofali. Wengine hubomoa nyumba ya babu ili wapate matofali ya kujengea mpya, na hawa ni vigumu kuwalaumu, kwani kuchoma tanuru jipya kunataka miti mingi na miti haipo tena karibu kama zamani. Dawa zake si za gharama kubwa: paa lenye ukingo mpana, mfereji mdogo wa kuyaondoa maji ukutani, udongo wa kichuguu uliochanganywa na chokaa kidogo badala ya saruji, na fundi mzee mmoja akiwa na vijana wawili wa kumwona anavyofanya.

Kwa upande wa serikali, lililo la kwanza ni kuandika. Tume ya Taifa ya Uhifadhi wa Urithi inaweza, kwa msaada wa machifu wa ufuoni, wa makanisa na wa shule, kufanya orodha ya nyumba za matofali za baina ya vita zilizobaki kutoka Mbereshi mpaka Chienge: mahali ilipo, mwaka wa kujengwa ikiwa wazee wanaujua, nani aliyeijenga, kwa fedha ya samaki au ya shaba, na nani anayeikaa sasa. Katika orodha hiyo zichaguliwe chache, labda nyumba za shule ya Mabel Shaw na nyumba kadha za wavuvi na za waliorudi kutoka migodini, zitangazwe na waziri kuwa ukumbusho wa taifa huku wenyewe wakiendelea kuzikaa, kwa sharti la kuzitunza na kwa ahadi ya kusaidiwa kuzitunza. Nyumba iliyotolewa mtu wake ili ihifadhiwe imekwisha kupoteza nusu ya kile kinachohifadhiwa.

Na haja ya haraka ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mashahidi wengine wa habari hii wamekwisha kuondoka. Mpumbu, ambaye fedha yake ilichoma matanuru mengi, kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 alikuwa ameadimika katika Luapula kwa kuvuliwa kupita kiasi wakati wa kutaga; wafanyabiashara wa Kigiriki hawapo tena Kasenga kama walivyokuwa; na wale waliobebeshwa mizigo ya vita, waliohamishwa kwa malale na kufukuzwa migodini wamekwisha kuzikwa. Daftari za serikali zimehifadhi hesabu ya kodi waliyotoa na amri walizopewa. Waliyoyaamua wao wenyewe, pale amri zilipolegea na fedha ikawa mkononi, yameandikwa mahali pamoja tu, napo ni katika kuta za nyumba hizo, kwa udongo wa nchi yao. Taifa linalozihifadhi nyumba za waliotawala na kuziacha zianguke nyumba za waliotawaliwa litawarithisha watoto wake nusu ya historia, na ile nusu iliyo duni. Kwa hiyo mpaka wa 1924 na ubaki kwa faida zake, lakini upande wake wa pili na uandikwe nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo ianzie Mweru.